Maswali yenu kuhusu sunomono, matango ya siki ya Kijapani

Maswali ya sunomono yamekuwa mengi, leo nayajibu. Kwa ambaye hajawahi kuionja, ni matango yaliyokatwa membamba yakatiwa siki, sukari na soya sosi kidogo, Wajapani wanaiweka kwenye kibakuli kidogo pembeni ya wali na samaki, na joto likiwa kali ni tamu hatari.

Yangu kila mara inajaa maji mpaka siki haisikiki. Nakosea wapi?

Dada, kila kitu kiko kwenye chumvi na kukamua. Tango ni maji kama 95%, sasa usipoyatoa mapema yatatoka yenyewe ndani ya bakuli, maana chumvi na sukari ya kwenye siki inayavuta, na ladha yote inazimika. Kata slaisi nyembamba, kama milimita 2 hivi, kwa matango 2 tia chumvi nusu kijiko cha chai, changanya kwa mkono, acha dakika 5 mpaka 10 utaona yamelegea na maji yamejaa chini, alafu shika fungu fungu uyakamue kwa nguvu kwelikweli. Ni kama unavyokamua kitunguu cha kachumbari kwa chumvi, mkono ni uleule. Watu wengi wanaruka hii hatua wanaona inachosha, mi naona bila hiyo bora usitengeneze kabisa, kula tango lako na chumvi yaishe.

Matango yetu yana mbegu kubwa na ganda gumu, yatafaa?

Yanafaa sana. Ya Japani ni membamba, ngozi laini na mbegu ndogo ndo maana hawayamenyi. Haya yetu yamenye kwa mistari, yapasue kwa urefu, kwangua mbegu na kijiko. Na onja kwanza upande wa kikonyo, uchungu unakaaga huko, ukiusikia kata utupe kile kipande.

Siki ya mchele sijapata, nitumie ipi na kwa vipimo gani?

Tumia siki nyeupe ya kawaida, ila ni kali zaidi kwahiyo ipunguze makali na maji kidogo. Siki vijiko 3 vya chakula, maji kijiko 1, sukari kijiko 1 na nusu, soya sosi kijiko 1 cha chai tu, ukizidisha inakuwa nyeusi na chumvi inapanda. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote ndo umwagie matango.

Niko Unguja, naweza kutia mwani wa huku?

Wanaotia mwani kule Japani wanatumia wakame, majani membamba yanauzwa makavu, unaloweka dakika 5 tu yanavimba sana kwahiyo chukua kidogo mno. Mwani unaolimwa Unguja, spinosum na kotonii, ni jamii nyingine, ni mgumu na mwingi unasafirishwa nje kutolewa karajinani, kitu cha kuzitoa vyakula uzito viwandani. Kwahiyo usitegemee ulaini wa wakame. Kama huna, acha, sunomono ya tango peke yake imekamilika.

Mapishi mengi yanataja mirin, nasikia ina pombe?

Ni kweli, mirin ni mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia, na ile halisi ina pombe kama 14%. Iache, sukari inatosha na wapo Wajapani wengi wanaotumia sukari tu. Soma na lebo ya siki na ya soya sosi pia, nyingine zinaongezwa pombe.

Nataka kubeba kazini, nitengeneze usiku?

Usiku kata, tia chumvi, kamua, weka matango kwenye kontena friji. Siki yako iwe kwenye kichupa peke yake. Mchanganyiko ufanyike kama dakika 10 kabla ya kula, maana yakilala na siki rangi ya kijani inafifia na yanaanza kutoa maji tena. Ufuta uliokaangwa nyunyiza mwisho kabisa.