Mbona nyota inaruka kutoka heliamu hadi kaboni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Darasani tuliambiwa nyota inaunganisha haidrojeni inapata heliamu, halafu heliamu inakuwa kaboni. Sasa kwenye jedwali heliamu ni namba 2, kaboni ni 6, mbona lithiamu, berili na boroni zimerukwa?

Jibu: Marahaba. Hapo umeuliza kitu ambacho wengi wanakipita tu. Nyota inajaribu kupita hapo hapo ila inakwama. Kiini cha heliamu, yaani kitovu cha atomu yake, kina chembe 4, protoni 2 na nyutroni 2, ukikibandika protoni moja unapata kiini cha chembe 5, kinavunjika papo hapo. Ukibandika heliamu mbili unapata berili-8 (yaani berili ya chembe 8), nayo ndo kabisaa, chukua sekunde moja gawa kwa trilioni elfu kumi, huo ndo umri wake. Hakuna kiini cha chembe 5 wala 8 kinachodumu, basi njia inakatikia hapo.

Kinachookoa ni joto. Katikati ya nyota pakifika kama nyuzi milioni 100 (Jua letu sasa hivi ni milioni 15, bado sana) heliamu zinagongana kwa wingi mpaka berili-8 zinakuwa kama mabasi stendi, hili likitoka lile linaingia, kwa hiyo muda wote kuna chache zipo, na heliamu ya tatu ikiwahi kuigonga mojawapo kabla haijavunjika unapata kaboni-12. Hata hivyo hesabu zilikuwa zinatoa kaboni kiduchu mno, ndo mwaka 1953 Fred Hoyle, mtaalamu wa nyota kutoka Uingereza, akawaambia watu wa maabara pale Caltech, chuo cha California Marekani, kwamba lazima kiini cha kaboni kina kiwango cha nishati karibu na MeV 7.7 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini) kinachorahisisha huo mgongano. William Fowler, mwanafizikia wa pale, mwanzoni hakushawishika, wakapima, wakakikuta. Yaani jamaa kaangalia tu kwamba kaboni imejaa ulimwenguni, akatabiri tabia ya kiini cha atomu! Mi hadi leo inanishangaza.

Sasa hizo tatu zako, nyota inaziunguza badala ya kuzilimbikiza. Hata ndani ya Jua lithiamu inatokea, ila protoni inaigonga inapasuka kuwa heliamu mbili. Lithiamu nyingine ilikuwepo tangu Mlipuko Mkuu (Big Bang), mwanzo wa ulimwengu. Lakini berili ya duniani karibu yote, na boroni nyingi tu, zimetengenezwa nje ya nyota, pale protoni zenye kasi kali zinazozurura angani zinapogonga kaboni na oksijeni zikazivunja vipande, kwa hiyo namba 4 na 5 zimekuja baada ya 6, sio kabla.