Wasomaji Wanauliza: Ndama Walichanjwa Ndigana Kali, Mbona Wakaugua?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina ndama 14, walichanjwa ndigana kali na kuvishwa hereni. Siku ya 16 watatu walipandisha homa, tezi za chini ya masikio zikavimba, na mmoja akafa. Mchanjaji anasema ni kawaida. Je, niliuziwa ugonjwa? (Mfugaji, Monduli)

JIBU: Marahaba, na pole kwa hasara. Kusema kweli, ndiyo, uliuziwa ugonjwa, sawa na kila anayenunua chanjo hii. Ndani yake hamna kimelea kilichouawa wala kilichodhoofishwa. Ni Theileria parva hai, kimelea cha ndigana kali kinacholetwa na kupe, yule yule anayeua ng'ombe malishoni. Kinachomwokoa ndama ni sindano ya pili inayochomwa papo hapo: oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini. Dawa hiyo haimalizi vimelea, inavipunguza kasi tu, mwili upate nafasi ya kuvitambua na kujenga kinga.

Kwa hiyo ndama wakiugua, kwanza nauliza habari za chupa ya dawa. Inayotakiwa ni ya asilimia 30, yaani miligramu 300 katika kila mililita, kwa kipimo cha mililita 1 kwa kila kilo 10. Ndama wa kilo 120 anachomwa mililita 12 kwenye msuli, zigawanywe sehemu mbili. Sasa chukua chupa ya asilimia 10 iliyozoeleka madukani, uchome mililita zile zile 12: ndama amepata theluthi moja ya dawa, tena inaisha mwilini mapema huku vimelea bado vinaongezeka. Ukilitazama bomba la sindano huoni tofauti. Lebo ndiyo itakayokuambia, na una haki ya kuisoma kabla ng'ombe hajashikwa.

Kosa la pili ni kukisia uzito kwa macho. Ndama wa kilo 150 akikisiwa kuwa 100 anapata miligramu 20 kwa kilo badala ya 30. Utepe wa kupima mzunguko wa kifua haufikii thamani ya ndama mmoja. Kosa la tatu ni kuchanja mnyama ambaye tayari ana homa au amekonda kwa minyoo.

Mmoja mmoja kuugua hutokea hata kazi ikifanywa vizuri. Watatu kati ya 14 ni wengi, na kusema "ni kawaida" hakutoshi. Kuanzia wiki ya pili hadi mwisho wa ya tatu pima joto kila asubuhi. Tezi iliyovimba kidogo bila homa, ndama anakula, muache: kinga inafanya kazi. Joto likipita 39.5 na kubaki hivyo, tezi zinakua, manyoya yamesimama, mwite mtaalamu siku hiyo hiyo achome buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana kali, mililita 1 kwa kila kilo 20 kwa ile ya asilimia 5. Ukingoja mpaka ndama ahemee juu juu na kutoa povu puani, mapafu yameshajaa maji na dawa haitamfaa sana.

SWALI: Nasoma stashahada ya afya ya mifugo. Kwa nini chanjo hii haigandishwi ikawa unga kama ya kideri cha kuku, tuitunze kwenye friji ya kawaida? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Kwa sababu virusi vya kideri vinavumilia kukaushwa, kimelea hiki hakivumilii. Angalia kinavyopatikana. Kupe wa masikio wa kahawia wakiwa bado wachanga hulishwa kwenye ng'ombe aliyeambukizwa. Wakijibadili kuwa wakubwa hubandikwa kwenye sungura kwa siku nne hivi, maana vimelea hukomaa katika tezi za mate pale kupe anapoanza kunyonya. Kisha kupe husagwa, maji yake yakachujwa, yakaongezwa gliserini, na kugandishwa kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hakuna aliyeweza kukiotesha kikiwa katika hatua hii kwenye chupa kwa wingi wa kibiashara, ndiyo maana bado tunasaga kupe.

Mrija mmoja wa chanjo uliozoeleka unatoa dozi 40. Ukishayeyushwa na kuchanganywa, unakaa kwenye barafu na kutumika ndani ya saa chache. Haurudishwi kwenye mtungi wa nitrojeni. Ndiyo sababu mtaalamu anadai ng'ombe wengi siku moja. Anayekuja na chupa iliyochanganywa jana, usimfungulie zizi.

Watafiti wamejaribu njia nyingine, mojawapo protini iitwayo p67 inayofunika kimelea. Ililinda baadhi ya ndama, wengine wakaugua, kwa hiyo kupe waliosagwa bado wanaongoza.

SWALI: Ng'ombe akishachanjwa, niache kuogesha? Tunapakana na hifadhi yenye nyati. (Mfugaji, Ngorongoro)

JIBU: Usiache. Kwanza, kinga inachukua wiki kadhaa kukamilika, na kupe wengi wakati huo wanamzidishia ndama vimelea. Pili, chanjo hii haihusiki na ndigana baridi, kukojoa damu wala moyo kujaa maji, na yote yanaletwa na kupe. Unachoweza ni kupunguza mara za kuogesha, kwa kufuata wingi wa kupe unaowaona ndani ya masikio na chini ya mkia.

Kuhusu nyati, una sababu ya kuogopa. Ng'ombe mwenye kinga dhidi ya aina moja ya kimelea anaweza kuuawa na aina nyingine. Ndiyo maana miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, Kenya, walichanganya aina tatu: Muguga, Kiambu 5 na ya Serengeti. Nyati wanabeba aina nyingi kuliko hizo tatu, na ng'ombe waliochanjwa wamewahi kufa wakichunga nao. Usichunge kwenye majani waliyolala nyati wiki za mvua, kupe wakubwa wanapokuwa wengi, na ndama wasifike huko kabisa.