Kabla Hujalipia PET-CT, Uliza Itabadilisha Nini

Dada mmoja ameniandikia akitaka kujua kama auze kiwanja ili alipie kipimo cha PET-CT, picha ya mwili inayoonyesha saratani imefika wapi, kabla ya kufanyiwa upasuaji wa titi. Namjibu hapa, kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza.

Mimi nilikuwa nimeshapangiwa kukatwa titi hapa Mombasa, saratani ikiwa hatua ya tatu, nilipoomba kwanza rufaa ya Nairobi, ambako Aga Khan na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina mashine hiyo. Mawifi walisema natafuta visingizio vya kukimbia kisu, na maneno yale bado yananikereketa.

Unakaa bila kula kwa saa kadhaa, unapimwa sukari, kisha unadungwa glukosi iliyotiwa florini yenye mionzi. Nilidungwa mkono wa upande usio na ugonjwa, ili dawa ikivuja isije ikafanya tezi za limfu za kwapa linalochunguzwa ziwake pichani. Halafu unalala kama saa nzima umefunikwa blanketi, huongei wala hushiki simu, maana msuli unaofanya kazi nao hula sukari na kuivuruga picha. Kwa mpenda gumzo kama mimi, sindano ilikuwa afadhali.

Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa, ndiyo maana huwaka pichani. Zangu ziliwaka hata kwenye tezi za kando ya mfupa wa kifua, ambazo ultrasaundi ya kwapa haikuzifikia. Mpango ukageuka: tibakemikali ikatangulia, upasuaji ukafuata, na eneo la kupigwa mionzi likapanuliwa. Mawifi wale wale sasa ndio wanaowaleta wagonjwa kwangu.

Lakini, dada yangu, muulize daktari: majibu yakitoka, uamuzi upi utabadilika? Uvimbe ukiwa mdogo na tezi hazijaguswa, mara nyingi ni hakuna. Uvimbe usiofika sentimita 1 unaweza usionekane, na saratani inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa mara nyingi haiwaki sana, ilhali kifua kikuu huwaka kama saratani. Doa likionekana mbali na titi, dai kitolewe hapo kipande kidogo cha nyama kikapimwe kabla hujaambiwa imesambaa. Hata kwapa likionekana safi, kubali tezi zake zipimwe wakati wa upasuaji. Ulizeni, jamani, msione haya!

Na mwenye kisukari aseme siku ya kupanga miadi, kwani sukari ikiwa juu mno atarudishwa nyumbani, na florini ile, inayopungua nusu kila dakika 110, haiwekwi akiba hadi kesho.