Mtoe huyo mama mgonjwa kabla hujaandika sehemu ya 4

Mfute huyo mama mwenye figo mbovu uliyempa mhusika mkuu wa tamthilia yako, na ukishamfuta mfute pia baba aliyepigwa risasi mbele ya mtoto wake. Nimesoma muhtasari wako, nikaizima simu, nikaiwasha tena na kuusoma upya, kwa sababu nilichokiona humo ni mswada wangu mwenyewe uliobadilishwa mji na kazi ya mhusika, na siwezi kukaa kimya nikitazama mtu mwingine akielekea pale pale.

Umesema una tamthilia ya uhalifu ya sehemu 10, kuhusu mhasibu wa bandari ya Dar es Salaam anayeanza kwa kughushi hati za kontena moja na kuishia kuendesha mtandao mzima wa magendo, na kwamba unataka mtazamaji ashindwe kumhukumu kirahisi. Ukauliza mambo manne: sehemu ngapi zitumike kueleza utoto wake ili aeleweke, mpelelezi anayemfuatilia aandikweje ili naye asiwe malaika, mazungumzo yawe ya Kiswahili sanifu au cha mtaani, na mfadhili anapatikana wapi. Ninaanza na la kwanza, maana ndilo litakalokula fedha zako; la mpelelezi litafuata kwa kifupi, na mawili ya mwisho nayaacha kwa leo.

Hakuna hata sehemu moja inayohitajika kwa kazi hiyo. Mhusika hapati utata wa kimaadili kwa sababu aliteswa utotoni; anaupata pale anapofunguliwa njia halali ya kutoka katika shida yake, akaiona, akaielewa vizuri, kisha akaikataa kwa sababu ambayo mtazamaji anaona haya kukiri kwamba angeweza kuwa nayo yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni pekee niliyonayo katika kazi hii, na niliinunua kwa kiwanja.

Kiwanja chenyewe kilikuwa Kibaha, na sikitaji kwa kutafuta pole, kwa kuwa mke wangu ameshanipa zote, nyingine kwa sauti ya juu. Mswada wangu ulihusu afisa wa upelelezi wa Tanga anayepokea hongo kutoka kwa wavushaji wa magendo ya baharini. Nilimpa mama anayehitaji kusafishwa damu kila wiki, nikampa baba aliyefia rumande bila hatia, nikampa mdogo wa kike aliyekatishwa masomo kwa kukosa ada, na kama nisingezuiwa nadhani hata mbuzi wa jirani wangekuwa mayatima. Kila alipopokea bahasha, onyesho lililofuata lilikuwa la bili ya hospitali. Niliamini kwamba kwa kuweka huzuni upande mmoja na hongo upande wa pili nimeshamfanya mtu mwenye pande mbili, kumbe nilikuwa nimeandika ombi la msamaha lenye kurasa nyingi.

Kosa lililonimaliza lilikuwa katika sehemu ya 6. Kuli mmoja mzee amekubali kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya wavushaji. Afisa wangu anajua kwamba usiku huo huo watu wanakwenda kumwua, na anajua pia kwamba mzee akifika mahakamani jina lake mwenyewe litatajwa. Simu moja tu kituoni ingemwokoa mzee na kumwangamiza afisa. Tamthilia nzima ilikuwa imejengwa ili ifike kwenye simu hiyo. Nami, kwa hofu kwamba watazamaji wakimwona ameiacha mezani watamchukia, nikaandika kwamba aliamua kwenda kumwokoa mzee yeye mwenyewe, akapanda pikipiki, tairi likapata pancha Chumbageni, akafika amechelewa na kuangua kilio juu ya maiti. Msumari mmoja wa barabarani ulibeba uamuzi ambao mhusika wangu alipaswa kuubeba. Niliposoma ukurasa huo usiku nilitokwa na machozi, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka mapema, kwa sababu mimi hulia hata kwenye taarifa ya hali ya hewa.

Mwigizaji niliyempa nafasi hiyo, kijana mwenye adabu aliyeniita kaka hata pale nilipostahili jina jingine, alisoma onyesho hilo mazoezini, akanyamaza, kisha akauliza: «Kaka, samahani, hapa mimi natenda nini? Maana kila ninapotaka kukosea naona nimeshasamehewa.» Nilimjibu kwa hotuba ndefu kuhusu hisia za ndani, na yeye, kwa heshima aliyolelewa nayo, akaandika kila neno. Siku hizi namwona kwenye tangazo la sabuni kila jioni, na nina hakika analipwa vizuri kuliko nilivyowahi kumlipa. Tulirekodi sehemu tatu za mwanzo kwa fedha za kiwanja, zote zikiwa utoto, msiba na ada ya shule, nikazipeleka kwenye kituo cha televisheni. Msomaji wao aliacha kutazama katika sehemu ya pili. Aliniandikia kwamba mtu huyo angempa sadaka bila kusita, lakini hakuona sababu ya kumsubiri wiki nzima.

Sasa nimfikie aliyenifikisha huko, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa bado anakusanya ada za watu. Alikuwa mkufunzi wa warsha ya mwisho wa wiki, katika ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi kikali, mwenye slaidi za rangi na jedwali la safu tatu: jeraha, haja, hatia. Jeraha likiwa kubwa, alituambia, hatia inakuwa nyepesi, na mtazamaji akimlilia mhusika utotoni atamsamehe ukubwani. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu, tamthilia ya Marekani ya Breaking Bad, ambayo aliifupisha kwa sentensi moja: mwalimu wa kemia anaugua saratani ya mapafu, anapika dawa za kulevya ili familia yake isibaki maskini, na ndiyo maana dunia nzima ilimpenda. Ukumbi mzima tukatikisa vichwa na kuandika. Hakuna aliyeuliza kama ameitazama yote, wala ni kazi ipi ya mkono wake iliyowahi kurushwa hewani. Mimi nilikuja kuuliza nikiwa nimeshalipia cheti. Wali wa mchana ulikuwa mzuri, hilo sitamnyima.

Nilipoitazama upya, kiwanja kikiwa kimeshakwenda, nilikuta kwamba waandishi wake waliukata udhuru huo mapema kabisa, katika sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza, mwaka 2008. Walter White, yule mwalimu wa kemia, anakwenda kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Elliott Schwartz, rafiki wa zamani aliyeanzisha naye kampuni ambayo sasa ina utajiri mkubwa huku Walter akiwa mwalimu aliyefikia hata kuosha magari ya watu baada ya saa za kazi. Elliott anampa kazi yenye bima nzuri ya afya. Baadaye Gretchen, mke wa Elliott, anampigia simu na kumweleza wazi kwamba fedha za matibabu zipo. Walter anakataa, anamrudia Jesse Pinkman, mwanafunzi wake wa zamani anayepika naye dawa hizo, ili waendelee kupika, kisha anamdanganya mkewe kwamba akina Elliott ndio wanaolipa hospitali. Tazama walichokifanya hapo: saratani ipo, mtoto anakuja, deni lipo, na wokovu umekuja hadi mlangoni, lakini anaukataa kwa sababu umetoka kwa mtu anayemwonea wivu. Kuanzia dakika hiyo hakuna mtazamaji mwenye ruhusa ya kusema kwamba maradhi ndiyo yaliyomponza, na bado hatuwezi kumtupa, kwa sababu nani kati yetu hajawahi kukataa msaada wa ndugu aliyefanikiwa kuliko yeye?

Wanarudia jambo hilo tena na tena. Katika msimu wa pili Jane, mpenzi wa Jesse, amelala chali akiwa amelewa heroini, anatapika na kukabwa na matapishi yake. Walter yuko kando ya kitanda, anaanza kumkimbilia, anasita, kisha anabaki amesimama hadi msichana anakata roho. Machozi yanamtoka, na machozi hayo hayampunguzii chochote. Hakuna pancha. Katika msimu wa tano anatengewa dola milioni 5 ili aachane na biashara hiyo, naye anazikataa, akimsimulia Jesse jinsi alivyouza hisa zake za ile kampuni ya zamani kwa dola 5,000 tu. Mwisho wake, Septemba 2013, anamkiri mkewe kwamba aliyafanya yote kwa ajili yake mwenyewe, na kwamba aliyapenda. Na kwa kuwa swali lako lilihusu utoto, ujue kwamba katika sehemu zote 62 hakuna onyesho linalomrudisha Walter utotoni. Kumbukumbu ya baba yake mgonjwa anaisimulia kwa mdomo katika msimu wa nne, wakati uhalifu wake umeshakomaa.

Nikiwa hapo hapo, niseme kwamba hata waandishi hodari namna hiyo hawakuwamudu watazamaji wote. Wengi walikwishaupokea udhuru wa familia kiasi kwamba walimchukia Skyler, mke anayemzuia, hadi mwigizaji wake, Anna Gunn, akaandika kuhusu chuki hiyo katika New York Times mwezi Agosti 2013. Kama hilo liliwapata wao waliouvunja udhuru katika sehemu ya 5, fikiria litakalompata mke wa mhasibu wako iwapo udhuru wenyewe umeujenga wewe kwa sehemu tatu nzima.

Ukidhani ni bahati ya tamthilia moja, itazame The Sopranos, ambayo nayo, kwa sadfa inayonichekesha, ilifanya kazi hii katika sehemu yake ya 5, Februari 1999. Tony, bosi wa mafia wa New Jersey, amempeleka binti yake kuangalia vyuo huko Maine, anamwona kwa bahati mtu aliyewasaliti wenzake kwa polisi, na badala ya kuendelea na safari ya mtoto wake anamfuata na kumnyonga yeye mwenyewe. Wakubwa wa HBO, kituo kilichoirusha, akiwemo Chris Albrecht, walihofia kwamba watazamaji wangemkimbia. David Chase, mtunzi wake, akashikilia kwamba bosi wa mafia anayemwona msaliti na kumwacha aende zake hataaminika tena. Na Tony anaye mama, tena mama ambaye wewe na mimi hatuna ujasiri wa kumwandika. Misimu 6 anamzungumzia mama huyo mbele ya Dkt. Melfi, daktari wake wa akili, hadi mwaka 2007, karibu kabisa na mwisho, daktari anapokutana na utafiti unaodai kwamba tiba ya mazungumzo humsaidia mhalifu wa aina hiyo kunoa uhalifu wake, na anamfukuza. Jeraha la utotoni limo humo, lakini limewekwa mdomoni mwa mhalifu kama kitu anachokitumia, na mtazamaji anayelihurumia anajikuta ameingizwa mjini.

Najua utakachonijibu, kwa kuwa ndicho nilichomjibu yule mwigizaji: watu wetu wengi hawana rafiki tajiri wa kuwalipia hospitali, na kuwaandika kana kwamba wanaye ni dharau kwa maskini. Hiyo ndiyo hoja pekee inayonisumbua hadi leo. Lakini tamthilia ya The Wire, iliyorushwa kati ya 2002 na 2008, inahusu watu kama hao wa Baltimore, Marekani, na haikuufuta mlango wa kutokea. Iliuonesha ukifungwa na mtu mwingine. D'Angelo Barksdale, kijana anayeuza dawa za kulevya, mwishoni mwa msimu wa kwanza, yuko tayari kueleza kila kitu ili aanze maisha mapya mbali na biashara ya mjomba wake. Mama yake mzazi ndiye anayekuja kumgeuza nia, kwa kuwa anakula kwa biashara hiyo, na kijana anapokea kifungo cha miaka 20. Mama yupo hapo pia, kama unavyoona, ila hayupo ili tumwonee huruma.

Kwa kuwa wako ni wa bandarini, msimu wa pili uutazame ukiwa na kalamu. Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa bandari, anapitisha makontena ya wahalifu, na fedha anazozipata anazipeleka kwa wanasiasa ili mfereji wa meli uchimbwe kina na watu wake wapate siku za kazi. Nia ni njema kuliko za wote tuliowataja. Kisha wanawake 13 wanakutwa wamekufa ndani ya kontena moja, naye sasa anajua anachokipitisha, anafoka, na anaendelea. Kama angekuwa katika mswada wangu, ningemwandikia kwamba hakuziona maiti.

Mpelelezi wako kanuni ni ile ile. Mtazame Vic Mackey, polisi wa tamthilia ya The Shield, ambaye katika sehemu ya kwanza kabisa, mwaka 2002, anampiga risasi polisi mwenzake aliyetumwa kumchunguza, bila bili yoyote ya hospitali kutangulia.

Turudi kwenye mswada wako. Katika sehemu ya 2 yupo mjomba wa Morogoro mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye fedha na asiye na mtu wa kumwamini kwenye hesabu. Umeyaandika hayo mwenyewe kwa mistari miwili, kisha ukamwua kwa ajali ya basi ili mhasibu abaki bila msaada. Umemwua mtu wa muhimu kuliko wote. Mlete Dar es Salaam katika sehemu ya 3, baada ya kontena la kwanza na kabla ya la pili, aketi sebuleni, anywe chai, aseme mbele ya mke wa mhasibu kwamba deni lao atalilipa na kwamba kazi ya dukani inamsubiri mpwa wake kuanzia mwezi ujao. Mhasibu amshukuru kwa heshima zote, ambebee begi hadi stendi ya Mbezi, amlipie nauli kwa noti alizopewa na wenye kontena, kisha arudi bandarini, kwa sababu Morogoro angekuwa kijana wa dukani kwa mjomba na hapa wameshaanza kumwita bosi. Onyesho hilo liandike kabla ya mengine yote, ulilete hapa tulisome, na hadi hapo usiuze wala usikope chochote.