Dinamo ya baskeli kuchajia simu

SUALI: Baskeli yangu ina dinamo ya taa, volti 6, wati 3. Nimeiunga moja kwa moja na waya wa chaja lakini simu haipokei chaji. Kasoro iko wapi? – Msomaji, Konde, Pemba

JAWABU: Dinamo hutoa mkondo geu (umeme unaobadili upande kila mara), simu inataka mkondo mnyoofu (unaokwenda upande mmoja) wa volti 5. Usiunge tena hivyo, utaiunguza simu.

Tafuta daiodi 4 (hupitisha umeme upande mmoja tu) aina ya 1N5819, kapasita (huweka umeme na kuusawazisha) ya maikrofaradi 2200 ya volti 35, na kipunguza volti chenye tundu la USB. Daiodi zipange daraja, yaani mpango wa daiodi nne unaogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, kisha kapasita, mwisho kipunguza volti. Mstari wa kapasita ni upande wa hasi, ukikosea hupasuka. Kipunguza volti kistahimili angalau volti 35, kwani kwenye mteremko, simu ikiwa haikuchomekwa, volti za dinamo hupanda sana.

Wengi hukwama hapa: ncha moja ya dinamo ni fremu yenyewe. Hasi ya daraja ikigusa chuma cha baskeli, umeme huiruka daiodi moja na nusu yake hupotea. Kwa hiyo toa waya wa pili kutoka kwenye mwili wa dinamo hadi kwenye daraja, na saketi yote uitie ndani ya kikopo cha plastiki. Viungo vipake grisi, chumvi ya bahari huvila upesi.

Tarajia wati 2 hivi. Simu ya vitufe itajaa kwa saa mbili tatu za mwendo. Simu kubwa itaongezeka kidogo tu.