Nitungie uzi, mjukuu wangu

Swali la wiki hii limeuliza ni jambo gani dogo mtu mzima anaweza kumfanyia mtoto aliyenyong'onyea mpaka achangamke. Wengi watajibu pipi, au andazi. Mimi nasema mtume kazi.

Nashona sare za shule hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, na wateja wangu huja kwa mkupuo. Korosho zikishauzwa mnadani, kuanzia Oktoba hivi, na fedha zikaingia, kila mlezi anataka sare kabla shule hazijafunguliwa Januari. Watoto wanaopita barazani kwangu ni wengi, na aliyenyong'onyea namjua tangu anavua kandambili. Mara nyingi ameletwa kwa bibi yake baada ya msiba, au baada ya wazazi kuachana. Mtaa mzima umeshampa pole. Wanamshika kichwa, wanaguna, wanaulizana naye yupo palepale: "Masikini, ndiye huyu?" Wenzake wakitumwa dukani, yeye anaambiwa akae apumzike. Apumzike nini?

Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo namwambia, "Nitungie uzi, mjukuu wangu." Simdanganyi, asipotunga, cherehani imelala. Kisha nampa noti akanunue vifungo, vyeupe, vya matundu manne, na chenji aihesabu mwenyewe palepale dukani. Akileta vya bluu namrudisha, kama ninavyowarudisha wenzake. Nimeona watoto ambao baada ya shikamoo hawakuongeza hata neno, wakirudi kutoka dukani wana habari: mwenye duka anasinzia, paka wake hana mkia, foleni ilikuwa ndefu na mama mmoja alitaka kuwapita.

Yapo na mengine ya ufundi. Nikipima, namuuliza yeye anataka kaptula iishie wapi, ingawa bibi huwa ameshaamua: chini ya magoti, ivaliwe mpaka mwakani. Hapo tunabishana watatu. Shati la kurithi lililochanika kola nalifumua, naigeuza kola upande uliochakaa ukae ndani, na hela yake siichukui. Darasani hakuna atakayejua.

Najua yupo msomaji atakayesema watoto wa huku wanatumwa kupita kiasi. Ni kweli. Msimu wa korosho wapo wanaoamshwa alfajiri kuokota shambani mpaka kengele ya shule inawapita, na huo mimi siuiti wema. Ninayoisema ni kazi ya dakika chache, yenye jambo ambalo ataliamua mwenyewe, na ambayo wewe kweli unaihitaji. Ukibuni kazi ya uongo atakugundua upesi kuliko unavyodhani. Kama huna cherehani, mwombe akushikie tochi unapofunga pancha ya baiskeli, au akuchagulie korosho zilizooza usizipeleke ghalani. Na chenji ikipungua, usimwite mwizi mbele za watu. Kaeni chini mhesabu pamoja.