Usimtumie huyo muuza tairi hata shilingi, soma namba kwanza

Weye unayeuliza kuhusu zile tairi nne za eksi-Japani (kuukuu zilizotoka Japani) za Toyota Noah, 195/65 rimu 15, umeambiwa thredi, ule mpira wa mitaro unaogusa barabara, imejaa na uko karibu kutuma pesa M-Pesa leo jioni: simama hapo hapo. Najua umeuliza mengi, upepo kiasi gani ukipakia watu saba kwenda Lamu, alaimenti, kule kunyoosha magurudumu, ifanywe wapi hapa Malindi, sijui mbili zikiwa nzima zaidi zikae mbele au nyuma. Hayo tutafika. Kwanza niambie, umesoma zile namba za ubavuni? Hujasoma. Ungekuwa umesoma usingeandika "ziko kama mpya".

Na huyo jamaa aliyekwambia "tairi ya Japani haizeeki", wallahi hilo neno nalijua, niliambiwa vivyo hivyo 2022 hapa hapa mjini, na mtu aliyekuwa ananiambia huku anazipaka yale mafuta meusi zing'ae. Thredi nene mpaka kidole chazama, na vile vindevu vya mpira pembeni bado vipo. Nikauliza ni za lini, akanionyesha namba ya saizi, ati 195 ndiyo siri ya kiwanda. Nikatikisa kichwa kama ninayeelewa. Mtu na digrii yake.

Sasa sikiliza. Chini kwenye ubavu wa tairi, karibu na rimu, kuna mstari wa herufi na namba, mara nyingi unaanza na DOT. Herufi zote hizo achana nazo, wewe tafuta namba nne za mwisho. Mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. 3311 maana yake wiki ya 33 ya 2011, yaani Agosti 2011. Tairi nyingine zilizotengenezewa soko la Japani hazina hilo neno DOT lakini namba nne mwishoni mwa mstari zipo. Ukikuta namba tatu badala ya nne, hiyo ni ya kabla ya 2000, hata mbuzi usimfungie. Na hapa ndipo wanapotumaliza: mara nyingi namba kamili iko upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili unakuta mstari umekatika, herufi zipo, tarehe hakuna. Yule bwana wa 2022, tairi zangu alizifunga upande wa tarehe ukiangalia ndani, kwenye ekseli, na mimi nikazunguka gari nikapiga mateke kama fundi, nikalipa. Hizo 3311 nilizisoma baadaye nikiwa nimelala juu ya mchanga.

Mchanga wa wapi? Gongoni umeshapita, Marereni hujafika, pale kwenye viwanda vya chumvi. Saa saba mchana, jua lile unalijua, gari imejaa, masufuria ya harusi juu, mama mkwe kiti cha katikati, tunakwenda Witu. Ikaanza sauti nyuma kushoto, pu pu pu pu, mama mkwe akasema mwanangu hii gari yalia, nikamwambia ni barabara mama, nikaongeza taarab. (Nilikuwa nasikiliza kwa makini ya kitaalamu, msinicheke.) Tairi haikupasuka kwanza. Ile thredi nene niliyoisifu ndiyo iliyobanduka, kipande kirefu na nyaya zake, kikawa kinapiga madigadi kila gurudumu likizunguka, kikapasua bampa ya nyuma, kikang'oa waya za taa, ndipo upepo ukatoka wote na gari ikaenda inakotaka. Upande wa pili lori la chumvi linakuja. Tukaishia mchangani. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah, ila sufuria kubwa moja ilikwenda kivyake.

Basi nikasema si kitu, spea ipo. Spea yenyewe ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani, imening'inia chini ya buti, haijawahi kugusa lami. Nikajisifu mbele ya mkwe, oneni mama, hii mpya kabisa. Gari ya 2007, spea ya 2007! Nikaifunga, tukaenda mwendo wa maiti, hatujafika mbali ubavu ukatoka kivimbe kama tezi shingoni, kisha pa. Mama mkwe alipanda basi la Lamu, akakaa karibu na magunia ya vitunguu, mpaka leo Idi akinipigia simu huuliza kwanza tairi hali yake.

Nilichookoa kwa kununua kuukuu ni kama elfu kumi na tano hivi. Lori la kuvuta, bampa, madigadi, waya, kisha tairi tano mpya maana sasa hata spea siiamini, ilipita elfu sabini. Nikarudi kwa yule bwana, akaniambia niliendesha na jua kali. Malindi! Niendeshe na theluji?

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Hewa inaula ndani kwa ndani, joto linaharakisha, na zile dawa zilizochanganywa kuulinda hutoka vizuri tairi ikizunguka na kunyumbuka, kwa hiyo iliyokaa bila kazi haina nafuu. Ule mshikano kati ya nyaya za chuma na mpira unalegea na wewe nje unaona thredi nzuri. Nyufa ndogo kwenye mitaro ya thredi na ubavuni ni dalili, lakini yale mafuta meusi huzificha, pangusa kwa kitambaa chenye sabuni, ukunje mpira kwa vidole uone. Watengenezaji wengi wa magari wanasema miaka 6 badilisha. Michelin na Continental, watengenezaji wa tairi wenyewe, wanasema 10 ndio mwisho kabisa, hata iwe na thredi, spea pia, na Michelin wanaongeza kwamba ikishatumika miaka 5 ikaguliwe kila mwaka. Kwa joto letu mimi sifiki hata hiyo 6. Mnaosema haya ni mambo ya mafundi wa kutisha watu, yule Paul Walker wa sinema, ajali yake 2013, wachunguzi walitaja mwendo mkali na tairi za miaka 9, na ile ilikuwa Porsche, sio Noah yenye masufuria.

Na kumbuka gari zenyewe hapa Kenya tunaruhusiwa kuingiza mpaka za miaka 8, kwa hiyo hata uliyoitoa bandarini juzi, zile tairi zilizokuja nayo zinaweza kuwa za siku ile ile gari ilipozaliwa. Ukinunua mpya dukani soma pia, "mpya" ni kwamba haijafungwa, inaweza kuwa imekaa rafuni miaka minne.

Upepo angalia stika ya mlango wa dereva, upime tairi zikiwa baridi, zikipungukiwa upepo na umepakia mzigo ule, joto lapanda haraka. Alaimenti, na zipi zikae mbele au nyuma, waulize wenzangu.

Nenda kwake kesho na tochi na kitambaa, mwambie azitoe chini zote nne uone pande zote mbili. Akisema namba imefutika, au ati ufunge kwanza ndio uangalie, ondoka hata akishusha bei. Akikubali piga picha zile namba nne nne uziweke hapa kabla hujatuma chochote, na ingia chini ya buti upige ya spea yako pia.